Njeo na Nafsi za Kitanda Kinachotabiri

Kifaa chenyewe ni kitambaa kipana kinachotandikwa juu ya godoro, pale nyonga za mgonjwa zinapoangukia, kisha kikafunikwa shuka. Anayepita kando ya kitanda hawezi kukitofautisha na matandiko mengine. Ndani yake mna njia za hewa zenye vitundu vidogo. Pampu huvuta hewa iliyokaa baina ya mwili na godoro, ikaipitisha mbele ya vihisi vya harufu, na vihisi vikaipima. Hakuna waya unaogusa ngozi, hakuna kibandiko, hakuna cha kuvaa wala cha kuvua. Mgonjwa akijisaidia ndani ya nepi, harufu hubadilika, na ujumbe humfikia mlezi popote alipo katika jengo. Jina lake ni Helppad. Kilibuniwa na kampuni ndogo iitwayo aba, ya mkoa wa Chiba nchini Japani, kwa ushirikiano na Paramount Bed, mtengenezaji mkubwa wa vitanda vya hospitali nchini humo, kikaingia sokoni mwaka 2019. Ninakusudia kukisoma pamoja na ndugu zake wachache kwa utulivu uleule tunaoutumia kusoma utenzi, kwa kuwa ni kazi iliyosukwa kwa uangalifu na ambayo, kwa maoni yangu, imesifiwa kwa jambo lisilo lake huku ikinyimwa sifa inayoistahili.

Tuanze na sharti lililoizaa fani yake. Ui Yoshimi, aliyeianzisha aba mwaka 2011 alipokuwa bado mwanafunzi wa chuo cha teknolojia huko Chiba, ameeleza hadharani kwamba wazo lilitoka kwa walezi wa nyumba ya wazee, waliotaka jambo moja tu: kuyajua yaliyomo ndani ya nepi pasipo kuifungua. Sharti hilo ni fupi, lakini lina ukali wa arudhi. Mlezi wa zamu ya usiku asiye na kifaa ana njia mbili za kujua, na zote zina gharama. Akifungua nepi akaikuta kavu, amemwamsha mzee bure, amemfunua kwenye baridi, na amemkumbusha saa nane za usiku kwamba mwili wake hauaminiki. Akichelewa, mkojo umekwisha kupenya pembeni, shuka na nguo za kulalia zimelowa, na kazi ya dakika chache imekuwa kazi ya kubadili kitanda kizima. Uamuzi wa kusoma harufu badala ya unyevu unatokana moja kwa moja na sharti hilo. Unyevu hauna budi kuguswa ndipo ujulikane, ilhali harufu hutoka yenyewe na kumfuata msomaji alipo. Harufu hubeba pia habari za haja kubwa, ambayo kihisi cha unyevu huweza kuikosa. Mbunifu amechukua njia ambayo mlezi mzoefu huitumia siku zote, yaani pua, akaihamishia chini ya shuka. Gharama ya uteuzi huo ni kwamba harufu haina mipaka: sabuni, dawa ya kuua vijidudu, chakula cha jioni na mgonjwa wa kitanda cha jirani wote huingia katika hewa ileile, na sehemu kubwa ya ustadi wa kazi hii imo katika kuifundisha mashine kupuuza.

Matangazo ya vifaa vya jamii hii hulipenda sana neno utabiri. Hapo mhakiki anapaswa kushika kalamu, na bahati nzuri sarufi yetu ina vipimo vyema vya kulichunguza dai hilo. Kihisi cha harufu kinaposema, husema kwa njeo ya -me-: amejisaidia. Tendo limekwisha na matokeo yake yapo. Hiyo ni taarifa, ya haraka na ya staha, lakini ni taarifa. Utabiri ungehitaji -ta-, na hakuna kihisi kinachoweza kuihisi -ta-, kwa kuwa yaliyo mbele hayana harufu, hayana uzito, hayana mwangwi. Helppad hufanya jambo la hila zaidi. Hukusanya hizo -me- moja baada ya nyingine, kila moja na saa yake, hadi zikatosha kuandika jedwali la mazoea ya mtu huyo mmoja, na jedwali hilo huzungumza kwa hu-: hujisaidia karibu na saa tisa usiku, hujisaidia tena baada ya staftahi. Kutoka katika hu- hiyo mlezi mwenyewe ndiye anayeitunga -ta- yake, akiwa amesimama mbele ya skrini mwanzoni mwa zamu, akipanga ni nani wa kuanza naye. Sifa ya kazi hii, basi, imo katika safari kutoka -me- hadi hu-, safari ambayo matangazo huiruka kwa sababu -ta- inauzika vizuri zaidi.

Inafaa kuuliza kwa nini mwili unakubali kuandikwa kwa mahadhi. Figo za mtu mzima hutengeneza takribani lita moja na nusu ya mkojo kwa siku, ambayo ni kiasi cha mililita moja kwa dakika. Kibofu hutoa ishara yake ya kwanza kwenye mililita 150 hadi 200 na hujaa kwenye 400 hadi 500. Usiku ubongo wa kijana huachilia homoni inayoipunguza kasi hiyo, na kwa wazee wengi tofauti ya usiku na mchana hufifia. Dawa ya kupunguza maji mwilini kama furosemaidi, ikimezwa, hufika kileleni ndani ya saa moja au mbili. Maji yaliyotuama miguuni mchana kutwa hurudi katika damu mgonjwa anapolala chali, na figo huyapokea. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana nao huitikia, ndiyo maana haja kubwa ya wengi huja baada ya kula. Jedwali lina haya yote chini yake, wala halitaji hata moja. Linatuonyesha vina bila kutuonyesha maneno. Saa tisa ya mgonjwa mmoja ni ya dawa, ya mwingine ni ya miguu iliyovimba, ya wa tatu ni ya kikombe cha chai anacholetewa na mwanawe kila jioni. Mlezi asiyejua hayo ataamka saa tisa kwa wote watatu, na kwa mmoja wao ingetosha kubadili saa ya dawa kwa ruhusa ya daktari.

Kuna utata mwingine ambao ningependa tuutazame bila haraka, kwa sababu ndio kiini cha umbo zima. Tuchukue mzee ambaye jedwali lake linasema hukojoa karibu na saa tisa. Mlezi analiamini, anamwamsha saa tisa kasorobo, anamshika mkono hadi chooni. Mzee anakojoa, anarudi kulala mkavu. Utabiri umefaulu. Lakini kihisi kilicho chini ya shuka hakijui lolote: saa tisa imepita na harufu haikuja, na kwa upande wake usiku huo ni sawa na usiku ambao mzee hakukojoa kabisa, au usiku ambao pampu iliharibika. Katika uchambuzi wa riwaya tumezoea kukiona kisengerembele kama ahadi ambayo msuko hauna budi kuitimiza. Hapa tuna kisengerembele kinachofaulu kwa kutotimia. Kadiri jedwali linavyotumika vizuri ndivyo linavyokosa mistari mipya ya kujiendeleza, na pasipo mkono wa mtu wa kuandika kwamba saa tisa kasorobo mzee alipelekwa chooni, wiki kadhaa baadaye mashine itakuwa inasimulia maisha ya mtu ambaye hayupo tena. Wapo watakaoiita kasoro ya kiufundi inayongoja toleo lijalo. Mimi naiona kuwa alama ya umbo lenyewe: kazi hii inadai waandishi wawili, na wa pili ni yule mwenye kitambulisho cha zamu kifuani. Nyumba ya wazee inayokinunua kifaa ili ipunguze watu wa kuandika imenunua nusu ya kazi.

Tukikiweka kando ya kazi nyingine ya Kijapani, DFree, tofauti ya njeo inadhihirika zaidi. Hiki si cha kutandikwa. Ni kihisi kidogo kinachobandikwa juu kidogo ya mfupa wa kinena, kinachotuma mawimbi ya altrasaundi ndani ya tumbo na kusikiliza mwangwi. Mkojo haurudishi mwangwi. Kuta za kibofu hurudisha. Basi kibofu kinapojaa, ukuta wa mbele na ukuta wa nyuma huachana, mwangwi wa pili huchelewa zaidi baada ya wa kwanza, na ucheleweshaji huo ndio kipimo. Atsushi Nakanishi, aliyeanzisha kampuni ya Triple W, hasiti kueleza asili yake: mwaka 2013, akiwa Berkeley, California, katika pilikapilika za kuhama nyumba, alishindwa kufika chooni kwa wakati. Kampuni ilisajiliwa mwaka 2015, na miaka miwili baadaye nyumba za wazee nchini Japani zikaanza kukitumia. Njeo yake ni -na-. Kibofu kinajaa. Hakisubiri tukio, hakihitaji wiki za mazoea, na hivyo hakiathiriwi na ule utata wa mafanikio yasiyo na shahidi, kwa sababu mzee akienda chooni kuta zitakaribiana na kifaa kitaona. Hata hivyo, -na- hiyo ina mipaka yake. Ni ya kibofu peke yake. Utumbo umejaa gesi, na gesi huyavunja mawimbi hayo kabla hayajasema lolote la maana. Tena ni -na- inayodai kubandikwa: ngozi ya mzee aliyechanganyikiwa, anayekivua kibandiko kila anapokikuta, haiwezi kusomwa kwa njia hii, ilhali kitambaa kilicho chini ya shuka kingemsoma bila yeye kujua.

DFree huonyesha ujazo kwa ngazi, na mtumiaji huteua ngazi ya kuitia kengele. Uteuzi huo mdogo ndio ninaouona kuwa sehemu yake ya kisanaa kuliko zote, kwa kuwa ndipo taharuki inapopimwa. Kengele ikiwekwa chini sana, mzee ataamshwa mara nyingi kabla hajahisi chochote, atakaa chooni akingoja mkojo usiokuja, na baada ya siku chache hakuna atakayeiamini sauti hiyo. Ikiwekwa juu sana, itamkuta mzee bado kitandani, miguu haijatafuta kandambili, mkono haujapata nguzo ya kitanda. Kati ya sauti na choo kuna umbali wa hatua, na kila mgonjwa ana umbali wake: aliyevunjika nyonga anahitaji dakika kumi, aliyepata kiharusi anahitaji mtu. Wengi wanaohesabiwa kuwa hawawezi kuzuia mkojo wanaweza kuuzuia; wasichoweza ni kufika. Kwao kengele iliyotegwa vizuri ni tiba kamili, na iliyotegwa vibaya ni hatari, maana wazee wengi huanguka wakiwa wanakimbilia choo. Fundi anayeiweka ngazi hiyo bila kumtazama mgonjwa akitembea anafanya kosa la mtunzi anayeweka kituo cha ubeti kabla ya kujua beti zitaimbwa na nani.

Sasa turudi kwenye hu-, kwa sababu ina tabia moja ambayo kila mwanafunzi wa sarufi anaijua na ambayo hapa inakuwa na uzito. Hu- huimeza nafsi. Tunasema alijisaidia, anajisaidia, atajisaidia, na mtu yumo ndani ya kitenzi. Tukisema hujisaidia, kiambishi cha mtu kimetoweka. Jedwali la mazoea ndivyo lilivyo. Halina mimi, halina wewe. Linaandikwa juu ya mtu ambaye hakusema, kwa ajili ya mtu ambaye hakumuuliza yeye. Swali la pili la umbo, nililodokeza katika kichwa cha makala haya, ni hili la nafsi: kitanda kinaponena, kinamwambia nani, na mgonjwa ana nafasi gani katika sentensi hiyo?

Swali hilo limekuwapo tangu mwanzo wa jamii hii ya vifaa. Mwaka 1904 daktari wa watoto Meinhard von Pfaundler alieleza kifaa alichokitega vitandani mwa watoto wa wodini: mkojo ulipolowesha matandiko ulikamilisha saketi ya umeme, na kengele ikalia. Hadhira iliyokusudiwa ilikuwa muuguzi, aje ambadilishe mtoto shuka. Lakini kengele haina adabu ya kumchagua msikilizaji. Watoto nao waliisikia, na baada ya muda Pfaundler akagundua kwamba baadhi yao waliacha kukojoa kitandani. Ujumbe wa nafsi ya tatu, huyu amejikojolea, ulikuwa umepokewa kama ujumbe wa nafsi ya pili, amka, unakojoa. Mwaka 1938, nchini Marekani, Orval Hobart Mowrer na Willie Mae Mowrer waliufanya ukengeushi huo kuwa kusudio: wakachapisha mbinu ya kuwatibu watoto kwa pedi na kengele, ambayo hadi leo ni miongoni mwa tiba zinazotegemewa. Kifaa ni kilekile, waya ni zilezile. Kilichobadilika ni hadhira, na badiliko hilo la hadhira limegeuza chombo cha kufulia kuwa chombo cha kuponya. Sijui mfano mzuri zaidi, katika fasihi au nje yake, wa kazi ambayo msomaji asiyelengwa aliielewa kuliko aliyelengwa.

WatchCare, kazi ya Kimarekani iliyotolewa na Hillrom mwaka 2019, yaelekea kuandikwa kinyume na kengele hiyo. Mgonjwa hulazwa juu ya pedi ya kutupwa yenye lebo ya mawimbi ya redio ndani yake, lebo isiyo na betri, ambayo hulala kimya hadi antena iliyo chini ya godoro iiulize. Pedi ikiwa kavu hujibu hivi. Ikilowa, jibu lake hubadilika. Taa ndogo kitandani huwaka na mfumo wa kuita wauguzi hupata habari. Hakuna mlio. Mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa anaweza kukaa kitini nusu saa asijue kwamba kitanda kimesema. Njeo yake ni -me- tupu, isiyojifanya utabiri, na kwa uaminifu huo naiheshimu. Wenzetu wamezoea kusema kunya anye kuku, akinya bata kaharisha: mtoto akilowesha paja la shangazi yake watu hucheka na kufuta, mzee akilowesha godoro chumba kizima hunyamaza. Taa isiyo na sauti imebuniwa kwa ajili ya ukimya huo. Lakini tazama gharama yake kisarufi. Kwa kuinyamazisha kengele ili mgonjwa asione haya, mbunifu amemwondoa pia mgonjwa katika hadhira. Hata yule mwenye akili timamu, ambaye angependa kujua kabla ya nesi, hana njia ya kuisoma taa iliyo nje ya upeo wa macho yake. Pfaundler aliwasemesha watoto pasipo kutaka. Hillrom, kwa kutaka, haiwasemeshi watu wazima.

 

Sababu ya kazi kama WatchCare kuzaliwa Marekani, na kuzaliwa katika njeo ya -me-, haikuwa huruma peke yake. Tangu Oktoba 2008 bima ya serikali ya wazee, Medicare, haiilipi hospitali nyongeza kwa vidonda vizito vya kulalia ambavyo mgonjwa amevipata akiwa wodini. Mkojo una mkono katika vidonda hivyo. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH ya karibu 5.5; mkojo ukikaa, bakteria huigeuza yurea kuwa amonia, asidi hiyo hupotea, ngozi hulainika kama iliyolowekwa, na shuka inapoburutwa chini yake hukwaruzika. Kipimo cha Braden kilichochapishwa mwaka 1987, ambacho wauguzi wa nchi nyingi hukijaza hadi leo, kina vipengele sita, na kimojawapo ni unyevu. Kwa hiyo kinachohesabiwa kitandani hapo ni muda: dakika ambazo ngozi imekaa katika majimaji. Hospitali haihitaji kujua kesho. Inahitaji kufupisha leo. Japani, yenye wazee wengi na walezi wachache, na yenye nyumba za wazee ambamo mtu hukaa miaka, inaweza kungoja hadi mazoea yajionyeshe. Kitanda cha hospitali ya Marekani, anacholalia mgonjwa siku nne, hakina nafasi ya kuandika hu-. Njeo ya kila kifaa imeamuliwa na urefu wa kukaa kwa mgonjwa kabla mhandisi hajachora mstari wa kwanza.

Kipo kitanda cha tatu, kongwe na cha bei ndogo, ambacho wasomaji wengi wa pwani na wa bara wamekiona pasipo kukitazama. Ni kitanda cha kipindupindu. Umbo lake halikubali urembo: fremu, turubai au plastiki iliyokazwa juu yake, tundu moja chini ya makalio, na ndoo chini ya tundu. Madaktari wa jeshi la majini la Marekani waliokuwa wakifanya kazi Asia ndio wanaotajwa kukisanifu, na mmoja wao, Watten, ameacha jina lake juu yake. Hospitali ya utafiti ya Dhaka ikakifanya kuwa samani ya kila siku. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mnamo Agosti 2015, na miezi michache kabla yake Kigoma miongoni mwa wakimbizi kutoka Burundi, kambi za matibabu zililaza watu juu ya vitanda vya jamii hii. Hapa hakuna kihisi, hakuna kengele, na neno kujizuia halina maana, kwa kuwa mgonjwa mahututi anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Ndoo ina mistari ya lita. Nesi huinama, husoma mstari, hurekebisha kasi ya dripu, maana kinachotoka lazima kirudishwe kwa kiasi kilekile.

Ukikisoma kando ya Helppad, kitanda hiki kinashangaza kwa kiwango cha usomi kilichomo ndani ya utupu wake. Kimeondoa swali la lini. Kimeondoa pia swali la aibu kwa njia ambayo vifaa vyenye vihisi havijaweza: kwa kuwa tundu lipo kwa kila mtu na ndoo ipo chini ya kila mtu, hakuna anayesemwa. Godoro la Kijapani hutumia ustadi mkubwa kuficha kwamba limejua. Kitanda cha turubai huonyesha kila kitu na humwacha kila mtu ndani ya nafsi ya kwanza wingi, sisi tunaoharisha. Na kinachopimwa hakirekodiwi kama kosa. Ni kiasi cha maji anachodai mgonjwa, na mwenye deni ni dripu. Sidai kwamba kitanda cha namna hiyo kingefaa nyumba ya wazee; anayekaa miaka hawezi kulala juu ya tundu. Ninachosema ni kwamba kinaonyesha uwezekano ambao jamii yote ya vitanda janja imeusahau, kwamba kitanda kinaweza kuhesabu haja bila kumshitaki mwenye haja.

Japani yenyewe imeligusa jambo hili, na imeligusa mahali ambapo wahakiki hawaangalii mara kwa mara, yaani katika kanuni za bima. Wizara za nchi hiyo zilikuwa zimetaja msaada wa haja miongoni mwa maeneo ya kipaumbele ya roboti za ulezi tangu 2012, na mwaka 2017 zikaongeza vifaa vya kutabiri haja na kumwelekeza mtu chooni kwa wakati. Kisha Aprili 2022 vifaa vya kusaidia kutabiri haja viliingizwa katika orodha ya bima ya ulezi wa muda mrefu, bima iliyoanza mwaka 2000. Wavipange wapi? Bima hiyo hukodisha vitanda na viti vya magurudumu, vikitoka kwa mzee huyu kwenda kwa yule. Vifaa vinavyoambatana na kuoga na kujisaidia, kama viti vya choo, huuzwa, kwa kuwa watu hawapendi kupokea kilichotumiwa na mwingine kwa haja hiyo. Kihisi cha kutabiri kikapangwa pamoja na viti vya choo. Mzee hulipa sehemu moja ya kumi ya bei, au mbili au tatu kulingana na kipato, ndani ya kikomo cha yeni 100,000 za manunuzi kwa mwaka, na kifaa huwa chake.

Kwa maneno mengine, sheria imeiandika nafsi ambayo jedwali lilikuwa limeimeza: kuna mwenye kitu, ana jina, na jina hilo limo kwenye stakabadhi. Ila simu inayopokea ujumbe mara nyingi imo mfukoni mwa binti yake au mwa mlezi wa zamu, na mwenye kitu anaposikia mlango ukifunguliwa ndipo anapojua kwamba kitu chake kimeshasema. Kwenye DFree inawezekana ujumbe uleule ukaelekezwa kwenye simu ya mwenye kibofu. Kwenye kitambaa cha harufu, kinachoongea na kituo cha wauguzi, nafasi hiyo ingehitaji kubuniwa upya: labda skrini ndogo upande wa mto, yenye jedwali lake mwenyewe, kwa herufi kubwa, ambayo mzee angeweza kuisoma kabla ya kulala na kusema kwamba leo hakunywa chai, wasimwamshe saa tisa.